Siku nne za kumtafutia Mama mkate: Chicago, Milwaukee, New Glarus

Tumerudi wiki mbili sasa. Nimekaa na stakabadhi zangu, picha za simu na kijidaftari nilichokuwa nikiandikia kwenye gari, nikaona niipange safari hii siku kwa siku. Najua wako wengi wanaoishi Marekani na wazee wa Kijerumani au wa Kiswisi ndani ya nyumba, na wako wenzangu waliokaa Ulaya miaka mingi kisha wakahamia huku na bado wanautamani mkate wa kule.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Glarus, kantoni (yaani mkoa) ndogo ya Uswisi iliyobanwa na milima pande zote. Kwao mkwe huitwa kwa jina lake la kwanza, kama rafiki. Mimi nilishindwa tangu siku ya harusi. Nimezaliwa Lushoto, mtu aliyemzaa mume wangu nitamwitaje jina? Nikamwita Mama, akazoea, na sasa nikimwita kwa jina ataniuliza nina hasira gani.

Mumewe alipofariki tulimleta kwetu Aurora, Illinois, mwezi Machi 2024. Kufika Septemba nguo zake zilikuwa zinamning'inia. Alikaa mezani, akashukuru, akala vijiko vitatu. Kilichomsumbua zaidi ni mkate. Mama ana tabia ya kuugeuza mkate na kuugonga kwa chini kwa kifundo cha kidole, kama anayebisha hodi. Ulioiva vizuri hulia kama ngoma tupu. Ya huku dukani, iliyokatwa vipande na kufungwa kwenye plastiki, haikulia hata siku moja. Kidole kilizama tu.

Nina deni kwake. Mwaka wangu wa kwanza Zürich, 2011, nilikuwa nalia jikoni kwa hamu ya ugali. Mama akapanda treni kutoka Glarus na mfuko wa polenta, unga wa mahindi wa manjano. Nikausonga, haukuwa wenyewe, ila sikumwambia. Aliona mwenyewe usoni. Wiki iliyofuata akarudi na kilo mbili za unga mweupe laini aliouulizia duka kwa duka mtaa wa Langstrasse, yeye ambaye alikuwa hajui unga wa sembe unafananaje. Kwa hiyo mume wangu aliposema hawezi kupata ruhusa kazini, nilimwambia abaki na mtoto. Mimi na Mama tunakwenda.

Alhamisi, 10 Oktoba: Aurora – Chicago – Milwaukee

Tuliondoka saa mbili asubuhi. Barabara ya I-88 kuingia Chicago ni ya kulipia, na kibandani hakuna mtu wa kupokea hela. Kamera hupiga picha namba ya gari. Kama huna kifaa cha kulipia, ingia kwenye tovuti yao ulipe mapema, maana faini ni kubwa kuliko ushuru wenyewe. Ukivuka kuingia Wisconsin, barabara zote ni bure.

Kituo cha kwanza kilikuwa Lincoln Square, kaskazini ya jiji, mtaa uliokuwa wa Wajerumani kwa vizazi. Ukija kwa treni ya Brown Line shuka Western. Ndani ya kituo utaona kipande cha Ukuta wa Berlin kimesimamishwa, abiria wanapita nacho wakielekea kazini. Mama alikigusa kwa kiganja, akakaa nacho kitambo. Mwaka 1989 alikuwa na miaka thelathini na tisa, akatazama ukuta ukivunjwa kwenye televisheni ya jirani.

Duka la dawa la Merz, lililofunguliwa mwaka 1875, lipo mpaka leo na rafu zake za mbao. Linauza chai za mitishamba, sabuni na pipi za kikohozi. Mama alisoma maandishi ya Kijerumani kwenye vipakiti kwa sauti, kimoja baada ya kingine, kama anayesalimia watu foleni nzima. Tulitumia dola 23. Mbele kidogo, Gene's Sausage Shop, tulipata haradali, achari za matango na soseji kavu za landjäger zinazokwenda jozi jozi, bapa kama rula. Dola 31.

Nilikuwa nimepanga pia bekari ya Dinkel's, kusini kwenye barabara hiyohiyo ya Lincoln. Orodha yangu ilikuwa ya zamani. Bekari hiyo ilifunguliwa mwaka 1922 na ilifungwa 2022, baada ya miaka mia kamili. Maduka ya namna hii wenyewe wanazeeka na watoto wana kazi nyingine. Piga simu kabla ya kumpakia mzee kwenye gari.

Katika duka jingine la vyakula vya Ulaya, rafu ya chini kabisa, Mama aliona kopo la rangi ya machungwa akapiga yowe. Ovomaltine. Sisi tuliokulia Tanzania tunaijua kama Ovaltine, na wengi tulidhani ni ya Kiingereza. Ilitoka Bern mwaka 1904, kwenye karakana ya familia ya Wander. Marekani jina la Ovaltine liko mikononi mwa kampuni tofauti na mapishi ni tofauti, kwa hiyo anayetaka ile ya Uswisi atafute jina la Kiswisi na maandishi ya Kijerumani na Kifaransa. Dola 14 kopo moja. Nilichukua mawili.

Kutoka hapo hadi Milwaukee ni kilomita 145 hivi, tambarare na foleni. Tulifika usiku, moteli dola 104.

*Kwa mnaoanza kutafuta:* kabla ya kufunga safari, angalieni Aldi. Ni kampuni ya Kijerumani, ipo Marekani tangu 1976, na makao yake ya huku yako Batavia, mji wa jirani yetu. Mara chache kwa mwaka huwa na wiki ya vyakula vya Kijerumani: tambi za spätzle, kabichi nyekundu, sauerkraut (kabichi iliyochachushwa), biskuti za tangawizi. Nendeni siku ya kwanza, ikifika Jumamosi rafu ni tupu. Na msiwaombe ndugu wawaletee soseji kwenye begi. Nyama kutoka Uswisi hunyang'anywa uwanja wa ndege. Jibini ngumu hupita. Jibini laini ya maziwa yasiyochemshwa haipiti wala haiuzwi, kwani sheria ya hapa inataka iwe imekaa siku 60 angalau. Ndiyo maana Vacherin Mont-d'Or, ile inayoliwa kwa kijiko majira ya baridi, hamtaiona.

Ijumaa, 11 Oktoba: Milwaukee

Mji huu zamani uliitwa Athens ya Wajerumani. Magazeti, shule, kwaya, viwanda vya bia, vyote vilikuwa vyao, na majina yao bado yako juu ya majengo. Tulianzia Usinger's, watengeneza soseji tangu 1880, mwanzilishi akiwa kijana kutoka Frankfurt. Dukani kuna kaunta ndefu ya marumaru na picha za vibwengo wadogo wenye kofia wakifanya kazi ya soseji. Mama alisimama mbele ya kioo akasoma: leberwurst, bratwurst ya rangi nyeupe, teewurst. Msichana wa kaunta akamkatia kipande cha kuonja, kisha kingine, akamwambia asiwe na haraka, watu wengi wazee huja pale kuonja tu. Tulinunua za dola 46 na barafu ya kuzipakia kwenye boksi.

Rafiki zangu Waislamu wameniuliza watakula nini huku. Soseji nyingi zina nguruwe hata pale jina linaposema ndama, kwa hiyo uliza kila mara. Viazi vya rösti hukaangwa mara nyingi na vipande vya bekoni. Fondue, jibini iliyoyeyushwa ya kuchovyea mkate, ina mvinyo mweupe na kirsch (pombe kali ya cheri) ndani yake. Kilicho salama zaidi ni jibini na mikate. Samaki wa Ijumaa uliza kwanza, maana mara nyingi huchovywa kwenye unga uliokorogwa kwa bia.

Maana Wisconsin Ijumaa ni samaki. Desturi ilianza na Wakatoliki waliojizuia nyama, sasa ni ya kila mtu. Tuliingia baa ya zamani ya mtaani, meza za mbao, kelele, watoto chini ya meza. Ukiagiza samaki unachagua chipsi au chapati za viazi. Chagua chapati za viazi. Zililetwa tatu, kingo zimekauka kama kamba ya dhahabu, pembeni kibakuli cha tufaha zilizopondwa na kipande cha mkate wa rai (rye, nafaka ya jamii ya ngano). Mama akala ya kwanza. Akala ya pili. Ya tatu akaikata nusu, akanisogezea, kisha akairudisha sahani yake na kuniomba radhi. Sikutia neno, niliangalia pembeni machozi yasionekane. Dola 19 kwa kila mtu.

Mkate wa rai ule ulitukumbusha wote wawili kitu kimoja. Alipokuja Lushoto kwa harusi yetu nilimpeleka Irente, kwenye shamba la Kanisa la Kilutheri, wanakotengeneza jibini, jemu na mkate wa rai. Alikaa ukingoni, Mazinde iko chini kabisa ukunguni, akaugonga mkate wa Wasambaa kwa kidole, ukalia. Aliniambia siku ile ndipo alipoacha kuhofia kwamba mwanawe atapotelea mbali.

Jumamosi, 12 Oktoba: Milwaukee – New Glarus

Madison tulipita bila kusimama. Baada ya Verona tukashika barabara ya 69 kuelekea kusini, na hapo vilima vikaanza, mabanda mekundu, ng'ombe wamelala. Kilomita chache kabla ya Belleville nikasikia gari linavuta kulia. Pancha. Nikatoa jeki, nikatoa spea, nayo haina upepo. Kosa langu, sikuipima kabla ya kuondoka. Wewe ipime.

Tulikaa dakika ishirini tu. Mkulima mmoja na pikapu yake alisimama bila kupungiwa mkono. Alitazama gurudumu, akamtazama Mama, akasema kwanza mzee aondoke kwenye baridi. Akatupeleka nyumbani kwake, mkewe akatupa kahawa na mkate wa maboga, naye akaenda na gurudumu gereji maana Jumamosi hufunga saa sita mchana. Alirudi baada ya saa mbili, akalifunga mwenyewe. Gereji ilidai dola 25. Yeye hakupokea hata ya mafuta. Nilimwachia jozi mbili za landjäger, hizo alizichukua kwa mikono miwili.

New Glarus tuliingia saa nane na nusu. Ni mji mdogo, watu elfu mbili na ushei, nyumba zenye balkoni za mbao na maua, bendera za kantoni zote. Mtu anaweza kuona ni mapambo ya watalii, na sehemu ni kweli. Lakini chini ya mapambo kuna habari nzito. Mwaka 1845 Glarus ilikuwa na njaa. Kazi ya kufuma kwa mikono ilikuwa inakufa, viwanda vimeichukua, na mavuno yalikuwa mabaya. Chama cha uhamiaji cha kantoni kikatuma watu wawili mbele kununua ardhi, na nyuma yao yakaondoka majahazi ya wanakijiji, wanawake na watoto ndani. Agosti mwaka huo waliofika hapa walikuwa 108. Walilima ngano mpaka udongo ukachoka na wadudu wakaimaliza, ndipo wakarudi kwenye kile walichokijua kwao, ng'ombe na jibini.

Kwenye kijiji cha makumbusho, juu kilimani, yako majina ya familia zilizokuja. Mama aliyapitia kwa kidole. Matatu ni majina ya watu waliokaa naye darasa moja.

Kisha bekari. Ipo barabara kuu, tangu 1910. Mama alichagua mkate wa mviringo, akauliza kwa ishara kama anaweza, mwuzaji akaitikia. Akaugeuza. Akaugonga.

Ukalia.

Alicheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu msibani. Akanunua minne, akasema kwa Kiswisi, akijisemea mwenyewe, "Sasa huu ni mkate." Nyuma yetu kwenye foleni mzee mmoja mwenye kofia ya ngozi akajibu, kwa Kiswisi kilekile, lafudhi ya bondeni kwao: "Na wewe ni mtu wa wapi, mama?"

Mzee huyo hajawahi kufika Uswisi. Lugha aliipata kwa bibi yake bandani, wakikamua ng'ombe. Maneno mengine aliyoyatumia mzee, Mama aliyasikia mara ya mwisho kwa bibi yake mwenyewe. Walisimama nje ya bekari zaidi ya nusu saa, mimi nimeshika mikate minne ya moto kifuani.

Mzee akamwuliza Mama amekosa nini zaidi tangu aje. Mama hakufikiri. "Ziger."

Nieleze. Ziger, kwa jina kamili Schabziger, ni jibini ya Glarus pekee, ya maziwa yaliyotolewa mafuta, imetiwa jani la mmea uitwao uwatu wa buluu, ndugu wa uwatu wetu. Mkutano wa raia wa Glarus uliitungia sheria mwaka 1463, ikitaka kila mtengenezaji aipige mhuri wake. Huja kama pia ya kuchezea watoto iliyosimamishwa, ndogo, kijani ya kijivu, ngumu kama chokaa. Hailiwi kwa kuuma, hukunwa juu ya chakula cha moto. Na harufu yake! Mara ya kwanza kuinusa, nilirudi Tanga mjini kwa shangazi yangu, kwenye chumba cha mzazi, uwatu umerowekwa bakulini chini ya kitanda ili maziwa yatoke. Sikuwahi kuelewa kwa nini Ulaya nzima chakula hiki kimoja ndicho nilichokizoea siku ileile, mpaka niliposoma kilichomo ndani.

Madukani pale hatukuwa tumeipata. Mzee akasema dada yake anayo, huagizia posta. Tukafuata gari lake hadi nyumba yenye ngazi ya mawe. Dada mtu, bibi wa miaka themanini na kitu, akafungua friji akatoa pia mbili zilizofungwa karatasi. Akampa Mama zote. Mama akakataa moja, wakavutana kama kina mama wa kwetu wanavyovutana kwenye nauli ya daladala. Zote mbili zikaingia mkobani. Mkono mtupu haulambwi. Nilikwenda garini nikaleta kitenge nilichofunikia boksi la barafu, kipya, nikamfunga bibi yule mabegani. Picha hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Jioni, mkahawani, rösti. Viazi vilivyochemshwa jana yake, vikakunwa vinene, vikakaangwa kwa siagi hadi chini pashikane, vikageuzwa kwa sahani. Na kalberwurst, soseji nyeupe ya nyama ya ndama na maziwa, waliyokuja nayo kutoka Glarus kwenye kumbukumbu. Chakula cha wawili dola 58 na bakshishi. Malazi dola 129, ghali kwa sababu ni msimu wa majani mekundu. Weka nafasi wiki tatu kabla. Bucha za mji zinauza kalberwurst zilizogandishwa, lakini Jumapili hazina uhakika, nunua Jumamosi.

Jumapili, 13 Oktoba: New Glarus – Monroe – Aurora

Asubuhi kanisani. Ibada ni ya Kiingereza, lakini Mama aliimba sauti ya pili kwa Kijerumani na hakuna aliyegeuka kumshangaa.

Monroe iko kilomita 25 kusini, barabara ileile ya 69. Huko kuna Baumgartner's, baa na duka la jibini kwenye uwanja wa mahakama, tangu 1931. Watu huja kwa sandwichi ya limburger: mkate wa rai, jibini, kitunguu kibichi kinene, haradali, na juu ya sahani pipi ya mnanaa ya kutafuna baadaye. Limburger hunuka kama soksi ya mvua na ladha yake ni tamu, laini, ya maziwa mazito. Mji huu ndio ulioibakiza Marekani baada ya wengine wote kuiacha. Dola 7. Mama alimaliza. Mimi nilimaliza. Pipi tulizihitaji.

Hapo tulinunua jibini za fondue, dola 40. Vacherin ya Fribourg (si ile ya kijiko) haikuwepo, mwuzaji akatuchagulia ya mlimani inayoyeyuka vizuri. *Quark*, jibini laini mbichi ya Kijerumani ambayo wengi mnaniulizia, msisumbuke kuitafuta: mimina mtindi kwenye kitambaa safi, uning'inize usiku kucha juu ya bakuli, asubuhi una kitu kinachokaribiana nayo. Mama ameikubali kwa keki.

Kurudi kulituchukua muda wa saa tatu kupitia Rockford, mvua njia nzima. Mafuta ya safari nzima yalikuwa dola 61. Chakula tulichonunua kiko kwenye friza yetu sasa hivi.

Jumatatu, 14 Oktoba: nyumbani

Mama aliamka kabla yangu. Jioni alichemsha makaroni, akakaanga vitunguu kwa siagi mpaka vikawa kahawia, akachukua pia ya kwanza ya Ziger akaikuna juu yake, vumbi la kijani likishuka kama unga kwenye chekeche. Binti yangu alisimama kwenye kigoda akiomba kujaribu. Vidole vyao viwili vilishika pia moja.

Mume wangu aliingia saa kumi na mbili. Alivua kiatu kimoja, akasimama na cha pili mkononi, mlango bado wazi na baridi inaingia. Amekaa nchi hii miaka sita na nyumbani huingia akiongea Kiingereza cha kazini. Safari hii aliita kwa Kiswisi, kwa sauti ya mtoto wa shule: "Mama, umepika Zigerhörnli?"

"Nawa mikono," akajibiwa.